Ukoloni uliojificha ndani ya sentensi

Mwanangu,

Umeniomba orodha ya maneno ya kikoloni ili uyaondoe kwenye maandishi yako. Orodha haitakufikisha mbali. Maneno yenyewe ni machache. Kinachosumbua zaidi ni namna sentensi inavyopangwa.

Anza na vitenzi, uone nani anatenda. "Uingereza iliipa India uhuru mwaka 1947." Hapo mtawala ni mkarimu, na waliopambana kwa miongo mingi wamekaa wakisubiri kupewa. Andika "India ilijipatia uhuru." Vivyo hivyo na Livingstone "kugundua" maporomoko ya mto Zambezi. Alipofika mwaka 1855 wenyeji walishayaita Mosi-oa-Tunya. Kitenzi "alifika" kinatosha, wala hakimpunguzii kitu.

Kisha pima nomino kwa kubadilisha watu. Wayoruba, wanaozidi milioni 30, huitwa kabila. Watu wa Iceland, wasiofika nusu milioni, huitwa taifa. Hawa wana lugha, wale wana kilugha. Watawala wa Ulaya ni wafalme, wa Afrika ni machifu. Atokaye Ulaya kwenda kufanya kazi nje ni mtaalamu wa kigeni, aendaye Ulaya kwa kazi hiyohiyo ni mhamiaji. Sasa chukua sentensi yako kuhusu "mgogoro wa kikabila" uiandike upya ukiwataja Wabelgiji wanaozungumza Kiholanzi na wenzao wa Kifaransa, ambao wamevutana miaka mingi. Ikisikika kama kejeli, ujue hukuwatendea haki wale wa kwanza.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanafuta "kabila", wanaweka "jamii", na sentensi inabaki ikidai kwamba watu wanauana kwa sababu ya asili yao. Taja chanzo: ardhi, maji, kura, mpaka uliochorwa vibaya. Ukishataja, neno kabila halidhuru. Wengi hujitambulisha kwalo bila kinyongo.

Usimbebeshe Mzungu kila dharau, lakini. "Mshenzi" lilitumiwa na watu wa pwani kwa watu wa bara kabla ya Mjerumani na Mwingereza kutawala. Hata "ustaarabu" chimbuko lake ni kufuata mwenendo wa Mwarabu. Mimi nisingelifuta, maana yake imekwishahama. Ningeangalia tu ni nani ananyimwa ustaarabu huo.

Muktadha nao una uzito. "Kibantu" katika isimu ni jina la kundi la lugha, basi. Lakini kumwita mtu wa Afrika Kusini "Mbantu" ni kurudia lugha ya serikali ya ubaguzi wa rangi.

Mahali penye jina la kikoloni na la wenyeji, yaandike yote mawili mara ya kwanza, halafu chagua moja. Kwenye hati za kisheria acha jina rasmi, la sivyo utampoteza msomaji. Nukuu za zamani usizirekebishe. Kosoa nje ya alama za kunukuu, vinginevyo unamsafisha aliyesema.

Kuhusu majina ya jamii za watu, waulize wenyewe. "San", jina la jumla la baadhi ya jamii za kusini mwa Afrika, lilitoka kwa majirani zao Wakhoekhoe. Wengi wao hulikubali kwa matumizi ya jumla, ila anayejiita kwa jina la kundi lake, kama Ju/'hoansi, mwandike hivyo.

Kazi hii yote ifanye rasimu ikishakamilika. Ukiianza wakati bado unaandika, kalamu itakwama kwenye kila mstari.

Mama yako