Pampu ya pili imekufa, ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza mkate na maziwa kwa baiskeli hapa Morogoro, nina Phoenix ya mzigo na kijana wangu ana baiskeli ya gia. Mwaka huu nishanunua pampu mbili, zile za kusimama unakanyaga chini. Ya kwanza kikanyagio cha plastiki kilikatika, ya pili unapampu mpaka jasho linatoka tairi iko vilevile. Nikienda dukani zote zinang'aa tu. Nachaguaje?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hiyo ya pili usiitupe kwanza. Fungua kifuniko cha juu uvute fimbo, kule mwisho utakuta washa, nyingi ni ya ngozi imekaa kama kikombe kidogo, ikikauka inasinyaa na upepo unapita pembeni, we utapampu hadi kesho. Ipake mafuta ya cherehani, itanue kwa vidole, irudishe. Kama ni oringi ya mpira imeisha nenda nayo dukani wakupe saizi yake.

Kwahiyo ukinunua nyingine cha kwanza muulize muuzaji inafunguka? Zile zilizobanwa moja kwa moja hazifunguki, washa ikiisha ndo basi, umenunua fimbo.

Afu ijaribu palepale, usione aibu. Ziba mdomo wa hosi kwa dole gumba ubonyeze mpini, ukudundishe kama umekalia godoro la springi. Ukiona unashuka taratibu mpaka chini, inavuja hiyo, rudisha. Halafu omba uichomeke kwenye tairi lenye upepo, pampu mara kadhaa kisha achia mpini ukiwa chini. Ukianza kupanda wenyewe ujue upepo unarudi ndani ya pampu, kivalvu cha chini kibovu na bado mpya!

Kikanyagio kiwe cha chuma, kipana, miguu yote miwili ienee. Plastiki nishaona zinakatika hata kwa mtu mwembamba.

Mdomo nao uangalie sana maana nyumba yako ina valvu mbili tofauti. Ya kijana kama ni nene kama ya pikipiki inataka mdomo wa aina hiyo, Phoenix ina ile ya zamani yenye kimpira ndani, nyembamba kule juu. Tafuta pampu yenye matundu mawili au beba tyubu zote mbili uchomeke mbele ya muuzaji, hapo hakuna maneno.

Geji ya kupimia upepo inayofika psi 160 isikubabaishe. Tairi za inchi 28 za mzigo mara nyingi ni psi 40 mpaka 65 hivi, soma ubavuni mwa tairi lenyewe. Na kwa valvu ya kimpira geji inadanganya kidogo, inasoma zaidi kwasababu upepo unasukumana na kimpira kwanza ndo uingie, bora ubonyeze tairi kwa gumba. Bomba la pampu likiwa nene linajaza haraka ila upepo ukikaribia kujaa linakuwa gumu, jembamba ni kinyume chake, kwa mizigo yako chukua nene.

Na hosi iwe ndefu bana, ukishafunga kreti za maziwa nyuma huwezi tena kuzungusha gurudumu kutafuta valvu ilipo.