Maswali ya Wasomaji: Ndege ndogo mpya, nifunge vifaa gani?

SWALI: Leseni ninayo tayari na sasa nataka ndege yangu mwenyewe, mpya, ile nyepesi ya viti viwili, ya kuruka wikendi na mke wangu. Mimi nina kilo 95, yeye 78. Muuzaji ananishauri niweke skrini mbili kubwa, otopailoti (kifaa cha kuiendesha ndege yenyewe), parachuti ya kushusha ndege nzima na viti vya ngozi, na anasema tanki la lita 130 litaniweka hewani zaidi ya saa 6. Nichukue vyote?

JIBU: Ndugu, kabla hujagusa hiyo orodha muulize huyo muuzaji swali moja tu, ndege ikishafungwa vyote hivyo inapimwa kilo ngapi ikiwa tupu? Sio uzito wa kwenye kipeperushi, ule huwa ni wa ndege isiyo na kitu. Ndege nyingi za aina hii zimejengwa kwa kikomo cha kilo 600 kwa jumla wakati wa kupaa, kilichowekwa na sheria ya Marekani ya 2004, na ingawa 2025 wenyewe wameilegeza, kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege yako ndio kikomo chako.

Tuseme kipeperushi kinasema 320 na mizani ikasema 365. Zimebaki 235. Nyie wawili 173, mabegi 12, kwahiyo mafuta yamebakiwa na kilo 50 ambazo ni kama lita 69 hivi. Injini kama Rotax 912 ya farasi 100 ukiikimbiza inakunywa karibu lita 20 kwa saa, toa nusu saa ya akiba, hapo una chini ya saa 3 za safari na zile saa 6 ni za mtu aliye peke yake. Ndo maana nasema kila kilo ya urembo unainyang'anya kwenye tanki.

Kwahiyo viti vya ngozi achana navyo. Skrini ya pili pia mi ningeiacha, moja nzuri inatosha kwa anayeruka mchana akiona ardhi, ila weka pembeni kifaa kidogo cha akiba chenye betri yake cha kukuonyesha mwendo na kimo. Otopailoti chukua, haina uzito mkubwa na siku umejikuta ndani ya wingu bila kutaka itashikilia mabawa sawa wakati wewe unatafuta njia ya kurudi. Ila isikupe ujasiri wa kuingia humo makusudi!! Parachuti nayo chukua, najua inakula kilo kumi na kitu na ina tarehe zake za kukunjwa upya na kubadilishwa roketi inayoifyatua, gharama hizo uzipange mapema, lakini injini ikizima juu ya msitu au bawa likigongwa hakuna kifaa kingine kitakachokushusha, na mkeo yumo humo. Nakuomba sana hapo usipunguze.

Kingine ambacho watu hawakiulizi, fundi. Je karibu na unapolaza ndege kuna anayeijua hiyo injini kweli? Rotax ina maji kwenye vichwa vya silinda na ina gia za propela, hata kupima oili unaizungusha propela kwa mkono kwanza, upande wake wa kawaida, mpaka usikie oili inagugumia kwenye tanki. Petroli ya gari safi inaipenda, ukitumia petroli ya ndege, ile yenye madini ya risasi, badilisha oili mapema zaidi.

Na ndege iwe ya bawa juu au ya bawa chini? Yoyote mtakayoipenda, kwanza kaeni ndani nyote wawili mlango ukiwa umefungwa, mabega yakibanana hapo hapo yatabanana zaidi saa ya pili angani.

SWALI: Nimepata kwa bei rahisi redio ya kuashiria ajali ya masafa ya megahertz 121.5 pekee, inafaa?

JIBU: Hapana. Satelaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009, utabaki kutegemea rubani mwingine apite jirani akusikie. Nunua ya megahertz 406 yenye GPS ndani, halafu uisajili kwa jina lako na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kabla ya kuruka mara ya kwanza, maana wengi wanaifunga wanasahau kusajili na waokoaji wanakosa wa kumpigia.