Maswali ya Wasomaji: Taka, Kiti Kitupu na Muziki wa Jioni Tokyo

Shikamoo shangazi. Nimehamia Tokyo kusoma, nimepanga chumba huku Itabashi. Wiki hii gari la taka limeuacha mfuko wangu, umebandikwa karatasi ya onyo. Bibi wa jirani aliutazama, kisha akanitazama mimi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kamwamkie huyo bibi leo hii, kabla ya jambo jingine lolote. Mitaa mingi hapa wakazi wenyewe hupeana zamu ya kufagia mahali pa kuwekea taka, kwa hiyo mfuko ulioachwa na gari unakuwa mzigo wao. Mwonyeshe hiyo karatasi, muulize hata kwa ishara. Nawajua watu ambao urafiki wao wa kwanza Tokyo ulianzia kwenye mfuko wa taka namna hiyo.

Kisha nenda ofisi ya kata uombe kalenda ya taka. Katikati ya Tokyo kuna kata 23, na kila moja ina utaratibu wake. Rafiki yako wa Shinjuku akikuelekeza, mshukuru, lakini fuata kalenda ya Itabashi. Taka za kuchomwa kwa kawaida huchukuliwa mara mbili kwa wiki; chupa, makopo, karatasi na plastiki zina siku zake. Toa mfuko asubuhi kabla ya saa mbili, si usiku, na uufunike kwa wavu uliowekwa pale. Kunguru wa Tokyo ni wakubwa na wanajua kupasua mfuko. Wakiutawanya, anayefagia ni yule bibi. Chupa ya maji itolee kizibo, ibandue lebo, isuuze, uikandamize.

Jambo linalowabana wanafunzi zaidi ni siku ya kuhama. Godoro au meza haichukuliwi bure: unaomba siku kwa simu au mtandaoni, unanunua stika kwenye duka la saa 24, unaibandika, unatoa mzigo siku uliyopangiwa. Mwezi Machi watu huhama kwa wingi na nafasi hujaa, basi omba mapema sana. Friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia kata haipokei kabisa. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001 inamtaka mwenye kifaa alipie gharama ya kukirejeleza.

Dada, mimi ni mhandisi. Jioni nikirudi na treni ya Yamanote watu wamesimama, lakini kiti kilicho pembeni yangu hubaki kitupu. Nakosea wapi?

Hukosei popote, kaka yangu. Jambo hili lipo, na wageni wengi tunalizungumza tukikutana. Utaambiwa ni kuona aibu tu, kwamba watu wanaogopa kusemeshwa Kiingereza. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa wengine ni ubaguzi, nami sitaupaka rangi. Linauma, hasa ukiwa umetoka kazini umechoka, na una haki ya kuumia.

Ombi langu ni moja: usiupime mji kwa treni. Ndani ya treni za Tokyo kila mtu hunyamaza. Simu huzimwa sauti, na kupokea simu humo ni utovu wa adabu. Hata Wajapani wenyewe hukaa bega kwa bega kila asubuhi pasipo salamu. Ukisubiri ukarimu mahali hapo, utasubiri sana.

Utafute penye kazi ya mikono. Karibu kila mtaa una jumuiya ya wakazi, na nyingi zina wazee wengi na vijana wachache. Sikukuu za mtaa zikifika, wanahitaji watu wa kupanga meza, kubeba viti na kuchoma chakula. Kubeba kihekalu cha mtaa mabegani ni ibada, kwa hiyo kama dini yako haikuruhusu, kataa kwa upole na ushike viti, hakuna atakayekununia. Mkishabeba viti pamoja, wiki ijayo mtaamkiana dukani. Na kama ni Mwislamu, msikiti wa Tokyo Camii uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000, na Ramadhani watu hufuturu pamoja.

Shangazi, dalali ananidai amana, zawadi ya mwenye nyumba isiyorudishwa, ada yake na kampuni ya mdhamini. Ni halali?

Ni halali, ingawa ile zawadi inanikera mpaka leo. Kabla hujalipa, ulizia nyumba za UR, shirika la umma la nyumba za kupanga. Hawadai zawadi, ada ya dalali wala mdhamini. Wanataka amana na uthibitisho wa kipato. Kokote utakakopanga, uliza mwaka wa jengo. Kanuni za ujenzi dhidi ya matetemeko ziliimarishwa Juni 1981, nami nisingemshauri mtu alale kwenye jengo la kabla ya hapo bila kujua kama limeimarishwa.

Shikamoo. Kila saa kumi na moja jioni muziki unapigwa kutoka kwenye nguzo mtaani. Ni ibada, au watoto wanaitwa nyumbani?

Marahaba. Watoto wengi hurudi nyumbani wakiusikia, lakini kazi yake hasa ni kupima vipaza sauti vya tahadhari ya maafa. Majira ya baridi kata nyingine huupiga saa kumi na nusu. Kama maneno ya tahadhari kutoka kwenye vipaza sauti hivyo hayasikiki vizuri chumbani kwako, iulize ofisi ya kata njia nyingine za kupata tangazo.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la Kanto liliua watu zaidi ya 100,000, na sasa tarehe hiyo ni siku ya kitaifa ya kujiandaa kwa maafa. Mtaa wako ukifanya mazoezi, nenda, hata kama huelewi neno. Utaonyeshwa kizimamoto na shule ya kukimbilia. Chumbani weka viatu na tochi karibu na kitanda, maana tetemeko la usiku huvunja vioo, na kabati refu lifunge ukutani. Simu yako ikipiga kelele ya tahadhari usiyoizoea, ingia chini ya meza kwanza. Ujumbe utausoma baadaye.