Mishipa mikubwa ni safi, mbona kifua bado kinabana?

Nauza vitenge Kariakoo, stoo yangu iko ghorofa ya tatu. Mwaka wa tisa tangu nigundulike na kisukari nilianza kusimama njiani nikipanda ngazi. Hayakuwa maumivu makali. Ilikuwa kama mtu ameniwekea kiganja katikati ya kifua anakandamiza taratibu. Nikikaa dakika tano, kinaachia.

Hospitali ya kwanza walinipima umeme wa moyo nimelala kitandani, ukawa mzuri, nikaambiwa ni mawazo ya biashara. Baadaye nikapitishwa mrija mkononi, ikapigwa dawa ya kuonyesha mishipa ya moyo. Hakuna palipoziba. Wanangu walifurahi sana. Wiki iliyofuata nikasimama palepale kwenye ngazi.

Daktari mwingine ndiye aliyenifumbua macho. "Mama, bomba la mtaani lina maji, koki ya jikoni kwako ndiyo inadondosha." Kipimo kile huonyesha mishipa mikubwa. Ile myembamba, chini ya nusu milimita, haionekani, na ndiyo inayosambaza damu ndani ya msuli wa moyo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, utando wa ndani wa mishipa hiyo huumia na kushindwa kutoa vizuri naitriki oksidi, kitu kinachoilegeza ipanuke. Ukilala huhisi kitu. Ukipanda ngazi, moyo unadai damu zaidi na haifiki.

Kosa langu lilikuwa kupima sukari asubuhi tu, kabla sijala. Nilikuwa napata 6, napata 6.5, naridhika. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kikatoa asilimia 9.4. Ndugu yangu, ulizia hicho. Wengi tunaambiwa tuwe chini ya 7, ila lengo lako mpange na daktari wako, na usiishushe sukari kwa pupa. Kule Marekani, utafiti wa ACCORD ulilazimika mwaka 2008 kusitisha ushushaji wa nguvu kwa sababu waliobanwa sana walikufa zaidi ya wenzao.

Presha nayo nilikuwa naipuuza. Utafiti wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha mwaka 1998 kwamba wenye kisukari waliodhibiti presha vizuri walipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa zaidi ya theluthi. Mimi nameza dawa yangu kila siku, hata nikijisikia mzima.

Omba pia wapime albumini, aina ya protini, kwenye mkojo. Ikianza kuvuja, mishipa midogo ya figo imeguswa, na ya moyo mara nyingi haiko mbali. Kama unavuta sigara, iache.

Chakula sikukihama. Ugali naula, ila bonge la ukubwa wa ngumi, na naanza na mchicha na maharage. Chai ya sukari na vitumbua vya asubuhi ndivyo nilivyoacha, na vilinitesa miezi miwili. Baada ya chakula cha mchana namwachia binti duka, natembea dakika kumi na tano Mtaa wa Msimbazi. Leo HbA1c ni 7.1 na ngazi nazimaliza, ingawa polepole.

Jambo moja usilisahau: kisukari huua pia mishipa ya fahamu, moyo unaweza kuzidiwa bila kuuma. Jasho la ghafla, kukosa pumzi, kichefuchefu, kuishiwa nguvu bila sababu: pima sukari haraka, maana sukari ikishuka mno nayo huleta hali hiyo. Kama haijashuka, au kifua kikibana na hakiachii ukipumzika, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku uwe usiku.