Nilisema Natoka Zanzibar

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kisiwa cha Pate, huku kwetu Lamu, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Amepata kazi ya ulinzi Doha, tiketi imeshalipwa, kilichobaki ni kuaga, na babake hataki kuagwa. Mzee kamwambia neno moja tu, mkataa kwao mtumwa, kisha akageukia ukutani. Kijana ananiuliza: "Kaka, wewe ulikwenda ukarudi. Hii nchi imenipa nini mpaka niitwe mtumwa nikiiacha?"

Niliusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kahawa imenipoa mkononi. Ninyi mnaonisoma hapa wengi mna ndoto hizo hizo za kutoka, kwa hiyo namjibu yeye na ninyi pamoja.

Kwanza nikiri: mimi si wa kumhubiria mtu uzalendo. Nimewahi kuikana Kenya kwa mdomo wangu.

Chanzo chake ni kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Wenzangu niliosoma nao bara walipata vyao walipofikisha miaka 18, wengine ndani ya mwezi. Mimi nilikipata nikiwa na miaka 21. Kwetu ilikuwa lazima upigwe msasa, ukae mbele ya kamati uthibitishe kwamba si mtu wa ng'ambo ya mpaka. Nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu kazaliwa Faza, huko huko Pate, siku ambazo mwambao huu, maili kumi kutoka maji yanapofika, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza wakiusimamia kama himaya. Bendera iliyokuwa ikipepea ni ile nyekundu. Ni Oktoba 1963 tu ndipo Kenyatta na Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipotia saini London kwamba mwambao utaingia Kenya uhuru ukija. Sasa mzee wa watu atoe wapi cheti cha Kenya, na hii Kenya haijazaliwa?

Na kulikuwa na bwana mmoja kwenye meza ile, sitamsahau. Alinipima kama najua Kiswahili. Mimi, Mbajuni, mtoto wa Faza! Na alinipima kwa Kiswahili ambacho bibi yangu angekisikia angemwombea dua.

Basi nikapita. Karani akanishika vidole, kimoja kimoja, akikizungusha kwenye wino kama mtu anayepaka mkate siagi, vyote kumi. Nilifika nyumbani nikasugua kwa mafuta ya taa na mchanga, weusi ukabaki kwenye mikunjo siku nne. Nilikuwa nauonyesha mtaani, nina raha. Baada ya miezi saba nikaambiwa fomu zimepotea, nirudi nianze upya. Safari ya pili ule wino sikumwonyesha mtu.

Ndiyo maana nilipopata pasipoti niliondoka bila kugeuka nyuma. Miaka minne ya Doha nitairuka. Ni lango, jua na wali wa dengu. Lakini siku ya kwanza mkubwa wa zamu aliponiuliza natoka wapi, ulimi ulitangulia: Zanzibar. Alifurahi, akasema ana jamaa zake huko. Nami nikaona nimelipiza kisasi. Ninyi mliniuliza miaka mitatu kama mimi ni wenu, haya, mimi si wenu.

Uongo ule niliukalia miezi minane. Ulikwisha jioni moja nikipiga pasi shati la kazi. Mkamba mmoja wa Kitui aliyekuwa chumba cha pili alisimama mlangoni, akacheka mpaka akashika fremu. "Wewe Mzanzibari gani unayepiga mluzi wa Ee Mungu Nguvu Yetu?"

Sikujua kabisa kama napiga mluzi.

Nilipotulia nikakumbuka jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na wa pwani tungepaswa kulijua kuliko wote. Ile tuni si ya Nairobi. Ni wimbo wa Wapokomo, wa mama kumbembeleza mtoto, umetoka hapa jirani, mto Tana, na Mzee Meza Galana ndiye aliyeufikisha kwa kamati iliyotunga wimbo wa taifa. Kila siku ya taifa, marais na majenerali husimama wima mikono ubavuni kwa sababu ya bembelezi la mtoto wa Tana. Halafu mtu akuulize wewe wa pwani kama nchi hii ni yako!

Mwezi uliofuata babangu alilazwa, henia. Sikumwambia mtu. Mkamba yule akazungusha kopo la biskuti vyumba vyote walivyolala Wakenya: Wajaluo, Wakisii, Mmeru mmoja tuliyekuwa hatusemezani kwa sababu ya mambo ya jikoni. Liliporudi lilikuwa na riali 1,340. Hakuna aliyeniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nililia chooni, bomba nikiwa nimelifungua wasinisikie.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza nchi imekupa nini, nitakwambia umeanza na swali la mgeni. Mgeni ndiye hungoja kukaribishwa, akinyimwa kiti akaondoka. Mwenye nyumba akikuta paa linavuja hasemi nyumba hii hainipendi. Hupanda juu, au angalau hupiga kelele mpaka mtu apande. Vijana wetu tumekuwa wageni wa kununa, tukae barazani tulaumu, na siku ya mkutano wa bajeti ya kaunti viti vitupu. Hudhuria mikutano. Hilo ndilo la kwanza nakuusia.

La pili ni hilo hilo kwa njia nyingine. Niliporudi nilikuta Lamu imegawanyika juu ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi. Wavuvi walikuwa bado wana machungu ya kafyu iliyokuja baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, ambapo kwa miaka kadhaa walizuiwa kuvua usiku. Mvuvi wa wavu wa jarife usimruhusu usiku, umemwambia alale njaa. Sasa wakasikia moshi na majivu. Waliopinga waliitwa maadui wa maendeleo, na wengine wakaulizwa uzalendo wao uko wapi. Nami nilibeba bango, si uongo, ingawa mkono ulitetemeka.

Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo ule, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku ile nilifungua Katiba kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa na mwalimu. Kifungu cha 10 kinataja maadili ya taifa, na uzalendo ndio wa mwanzo kabisa. Lakini soma mpaka mwisho wa mstari: humo humo mna utawala wa sheria na ushiriki wa wananchi. Vimefungwa mzigo mmoja. Wale wazee wa kanzu waliokwenda kudai haki yao walikuwa wazalendo kuliko waliowaita maadui, na sioni haya kulisema. Kwa hiyo soma Katiba, na hudhuria mikutano. Najua nimeshasema.

Na babako usimkasirikie. Mwambie unakwenda kazini, si kuhama. Bibi yangu alikuwa akinitazama nikitukana serikali, akingoja nimalize, kisha husema kwa Kiamu chake, "Nti yetu ni hini, hatuna nyengine," na kunisukumia sahani.

Mimi bado nina kinyongo. Februari 2025 Rais alipotia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa kaunti za mipakani, watu walishangilia, mimi nikatazama vidole vyangu. Miaka yangu mitatu hainirudii.

Jana kijana kaniletea picha ya kipande chake, amepigwa macho yamefumba nusu. Anasafiri Jumatano, na babake amekubali kumsindikiza hadi gati la Mokowe. Nimemwambia akifika Doha akiulizwa, aseme Lamu, Kenya, na ajiandae kueleza Lamu ni wapi, maana watakaomuuliza zaidi ni Wakenya wenzake.