Kabla hujaandika "walioajiriwa": kwa mnaoanza kazi ya urithi wa viwanda

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, iwe ni makumbusho, tafsiri au uandishi, hamtachelewa kukutana na ugomvi wa Japani na Korea Kusini kuhusu kisiwa cha Hashima, Japani: namna ya kusimulia habari za Wakorea waliofanya kazi mgodini pale wakati wa vita. Mimi nilikutana nao nikiwa bado mgeni wa kazi. Nilipewa maelezo ya picha za mgodi wa makaa ya mawe niyatafsiri, nami nikaandika "Wakorea walioajiriwa mgodini". Mhariri wangu, mzee mtulivu, akalizungushia neno "walioajiriwa" duara kwa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Waliomba kazi, au walichukuliwa?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimefuta maisha ya watu kwa neno moja, na hata sikujua.

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye andiko lolote la urithi ni miaka. Julai 2015, katika mkutano uliofanyika Bonn, Ujerumani, maeneo 23 ya Mapinduzi ya Viwanda ya Japani ya enzi ya Mfalme Meiji yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: viwanda vya chuma, karakana za meli na migodi ya makaa. Andiko la Japani la kuomba yaorodheshwe linaanzia miaka ya 1850 na kukoma 1910. Sasa kumbuka kwamba 1910 ndio mwaka Japani ilipoinyakua Korea. Kuwapeleka Wakorea migodini kwa ajili ya vita kulianza 1939, na kufikia 1944 ilikuwa ni amri ya serikali waziwazi. Kwa hesabu ya Korea Kusini, Wakorea wapatao 57,900 walipelekwa katika maeneo 7 kati ya hayo 23. Ukiisoma hadithi kama ilivyokatwa, hutawakuta, kwa sababu mlango ulifungwa kabla hawajafika.

Lakini nenda Hashima, mojawapo ya maeneo hayo 23, ukajionee. Ni kisiwa kidogo karibu na Nagasaki, hekta 6 na kidogo, na kwa mbali kinafanana na manowari. Mgodi wake ulipita chini ya bahari, ukafungwa 1974. Mgeni haruhusiwi kuzurura: unashuka boti kama mawimbi yamekubali, unafuata njia yenye vizuizi upande wa kusini, basi. Nilisimama pale upepo wa chumvi ukinipiga usoni, nikitazama madirisha yasiyo na vioo, ghorofa juu ya ghorofa. Kila kamera ilielekea kwenye majengo hayo. Kumbe jengo maarufu kuliko yote, la zege na nondo, la ghorofa 7, lilijengwa 1916! Nalo liko nje ya kipindi cha andiko. Kwa hiyo mipaka ya miaka haikuzuia kuonyesha zege la 1916. Siku ile, katika maelezo niliyoyasikia, mipaka hiyo iliwazuia watu wa 1943.

Baada ya miaka, shughulikieni maneno. Pale Bonn, Japani ilikiri mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba Wakorea wengi na watu wengine waliletwa bila ridhaa yao na kufanyishwa kazi katika hali ngumu miaka ya 1940, na ikaahidi kituo cha taarifa cha kuwakumbuka waathirika. Mara baada ya hapo waziri wake wa mambo ya nje, Fumio Kishida, akasema maneno hayo hayamaanishi kazi ya shuruti. Kwa Kijapani walitumia kitenzi "hatarakasareta". Sisi tunakielewa haraka, maana lugha yetu ina mnyambuliko wa aina hiyohiyo: walifanyishwa. Unaonyesha kuna aliyefanyisha, ila haumtaji. "Kazi ya shuruti" ni jambo lingine, kuna mkataba wa kimataifa wa 1930 unaoikataza, na anayelikubali neno hilo anajua kesi zinaweza kufuata. Sisi wenye "manamba" na "shokoa" katika lugha yetu tusijifanye hatuoni tofauti.

Mashahidi nao wana miaka yao. Kituo kilichoahidiwa kilifunguliwa 2020, lakini Tokyo, mbali kabisa na Nagasaki. Humo zimewekwa sauti za waliowahi kuishi kisiwani, akiwemo Mkorea aliyelelewa pale, wakisema hawakuona ubaguzi. Siwaiti waongo. Mtoto aliyecheza juu ya paa anakumbuka paa. Kijana aliyeshushwa shimoni wakati wa vita anakumbuka joto, njaa na kutamani kutoroka. Kosa ni kumtumia wa kwanza kumnyamazisha wa pili. Mwaka 2021 Kamati ilisema wazi inasikitishwa sana kwamba ahadi haijatekelezwa ipasavyo.

Na msiishie kwenye bendera mbili. Katika mgodi wa Miike, nao ukiwa kati ya yale maeneo 23, ndani kabisa ya enzi ya Meiji, wafungwa wa Kijapani walichimba makaa. Hao wamo ndani ya miaka ya andiko, na hawana ubalozi wa kuwasemea. Huwa nawafikiria sana.

Julai 2025, mjini Paris, Korea Kusini ilitaka Kamati ijadili tena Hashima. Ikapigwa kura, ikashindwa 7 kwa 3. Kenya na Rwanda zilikuwa na viti pale, kwa hiyo kuna siku mmoja wenu ataandika muhtasari ambao mjumbe wetu atausoma usiku wa kuamkia kura kama hiyo.

Kwa mazoezi, chukueni migodi ya dhahabu ya kisiwa cha Sado, Japani, iliyoorodheshwa New Delhi Julai 2024. Safari hiyo Korea Kusini iliridhia, baada ya Japani kuweka maonyesho kuhusu Wakorea wapatao 1,500 waliofanya kazi huko wakati wa vita. Novemba mwaka huohuo Japani ikafanya ibada ya kumbukumbu, Wakorea wakasusia, kesho yake wakafanya ya kwao pembeni ya lilipokuwa bweni la wafanyakazi. Maonyesho yanaeleza ugumu wa kazi, lakini neno la kulazimishwa halimo. Tafuteni maelezo hayo kwa Kijapani, Kikorea na Kiingereza, myapange sambamba, kisha mwandike Kiswahili chenu. Mkifika kwenye kitenzi, msikimbilie "walioajiriwa".