Mama kaambiwa awekewe betri ya moyo yenye shoti: ulizia waya

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama waya utakaobaki ndani ya moyo wa mama unaweza kuchomoka, na kama shoti inaweza kumpiga bila sababu. Yote mawili hutokea, ingawa si mara nyingi. Nami ninacho kifaa hicho (ICD), kinachokaa chini ya ngozi ya kifua na kuushtua moyo kwa umeme ukienda mbio vibaya, basi nisikilize.

Watu wanaogopa betri. Betri ikikaribia kuisha inabadilishwa kwa mpasuo mdogo chini ya mtulinga, basi. Mwenye kukaa ni waya. Unapitishwa kwenye mshipa wa damu, mara nyingi upande wa kushoto, hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo, na ncha yake huwa na skrubu ndogo inayozungushwa mpaka ishike nyama. Nilichomwa ganzi tu, nikawa nasikia kila kitu. Walipoufunga, daktari akaniambia "kohoa kwa nguvu", macho yake yakiwa kwenye skrini, aone kama umecheza. Kisha wakapandisha umeme makusudi kuhakikisha hausisimui kiwambo cha chini ya mapafu, maana ukikisisimua mtu anapata kwikwi kila moyo unapopiga.

Kuchomoka ni hatari ya wiki za mwanzo, kabla kovu halijaushika. Mama asitwange, asijitwishe ndoo, mkono wa upande ule asiunyanyue juu ya bega. Ila asiufunge kabisa, bega litakakamaa.

Shoti sasa. Mapigo yakienda mbio, mara nyingi kifaa huanza kwa kuyarudisha kwa vipigo vidogo vya haraka ambavyo huenda asivihisi. Yakishindikana, koili (sehemu iliyosokotwa) iliyo kwenye waya inatoa shoti, inaweza kufika jouli 35 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Hiyo utaisikia! Mimi ilinipiga mfululizo naanika nguo, moyo uko salama kabisa. Waya ulikuwa umepata ufa, kifaa kikadhani ule mkwaruzo wa umeme ni mapigo ya kifo. Kliniki walijua mara moja: ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, ulikuwa umepanda ghafla. Kwa hiyo kliniki ya kupima kifaa asiikose hata akijisikia mzima. Shoti moja na yuko sawa, pigieni kliniki siku hiyo hiyo. Zikifuatana au akizimia, hospitali moja kwa moja.

Kabla ya yote, muulize daktari kwa nini anataka yenye shoti. Kama shida ya mama ni moyo kwenda taratibu tu, pesimeka ya kawaida (betri ya moyo isiyo na shoti) mara nyingi inamtosha, ni nafuu zaidi na waya wake ni mwembamba. Ulizia pia MRI (kipimo cha picha kwa sumaku): betri na waya vyote viwe vya aina inayoruhusiwa, kimoja hakitoshi.

Akipewa kadi ya kifaa, hakikisha ina modeli na namba ya waya, si ya betri peke yake. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic, watengenezaji wa vifaa hivi, walisitisha kuuza waya wao wa Sprint Fidelis kwa sababu ya kuvunjika, wakati watu wengi walikuwa nao tayari kifuani. Kuung'oa waya uliokwisha shikwa na kovu si kazi ya kila hospitali. Mara nyingine wanauacha humo humo wanaweka mwingine pembeni, kama walivyonifanyia mimi.